Miti Kumi na Mmoja ya Mama Bosibori

Watu wa Keumbu wanajua kwamba mimi Momanyi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeangusha miti miaka thelathini na moja, kutoka Suneka mpaka ndani kabisa ya Nyamira. Nimepasua gogo nikakuta kichwa cha shoka ndani yake, kimemezwa na mti kabla mimi sijazaliwa. Nimeona mkaratusi ukikatwa vizuri kabisa halafu ukakataa kuanguka, ukasimama kwenye kisiki chake kama mgeni ambaye hajaambiwa pa kukaa. Nimemwona mwenye mti akilia kwa uchungu ambao hakuwa nao siku alipomzika shemeji yake. Yote hayo niliyatazama, nikajifuta jasho, nikaendelea na kazi.

Nyinyi vijana wa mashine mliniambia siku ile ya kuniaga kwamba niandike niliyoyaona, yasipotee. Nimekubali. Darasa niliishia la sita, na hilo la sita lenyewe sikulimaliza, kwa hivyo msinitafutie makosa ya mwalimu. Nilivyotajirika siwaambii, nyumba yangu ya mawe mnaiona kutoka barabarani. Nitawaambia kazi. Na nitawaambia miti kumi na mmoja, kwa sababu najua mmesikia habari zake vibaya.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini, chini, ndani ya shimo la kupasulia mbao la Mzee Onsongo. Wengi wenu hamjaona msumeno wa shimo. Gogo linawekwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu yake, mwingine anashuka chini, na msumeno mrefu unapanda na kushuka katikati yao kutwa nzima. Wa juu ndiye anaona mstari. Wa chini haoni chochote. Unga wa mbao unamwagikia machoni, puani, shingoni, na kazi yake ni kuvuta tu.

Siku ya kwanza nilivuta kwa hasira, nikitaka aone nguvu zangu. Msumeno ukapinda, mbao ikaharibika. Mzee akainama akanitazama mle shimoni.

"Wewe kijana, unavuta kwenda wapi?"

"Nafuata mstari, mzee."

"Mstari unauona?"

"Hapana."

"Basi usiufuate. Nifuate mimi. Mstari ni deni langu."

Niliumeza ule unga miaka minne. Alinifundisha kunoa kwa tupa mpaka jino la msumeno linyoe nywele za mkono. Alinifundisha kuusoma mti kabla ya kuugusa: uzito wa matawi uko upande gani, shina limelalia wapi, udongo wa chini ni wa kushika au wa kuteleza. Alinifundisha kufungua mdomo, ule mkato wa mbele unaouonyesha mti pa kuangukia. Msumeno wa mashine ulipofika kwetu, mimi ndiye niliyeununua wa kwanza pande zile, yeye akiwa amezeeka. Aliusikiliza ukinguruma, akasema, "Unapiga kelele kama mtu asiye na hakika." Lakini alifurahi. Nilimwona.

Saa ya chakula tulikula ndani, mezani kwake. Mke wake, Mama Bosibori, alitusongea ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa. Nilipopata pesa yangu ya kwanza nilimpelekea kidogo, nikamwambia ni ya chakula. Alinirudishia mkononi.

"Mtoto hatozwi chakula, Momanyi. Fundi ndiye hulipa na kulipwa. Wewe ni fundi hapa?"

Nikasema hapana. Akaniongeza ugali.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na safu ya mikaratusi kumi na tisa, imeshuka kwa mstari mmoja kutoka barabarani mpaka karibu na ukuta. Mzee aliipanda kwa mkono wake. Siku moja aliniita tukaenda kuitazama, wakati huo ikiwa minene kama paja langu.

"Hii safu usiiguse," aliniambia. "Hata mtu akuite. Hili ni paa la mama yako. Nyumba yake nitaijenga, na nisipoijenga, miti iko."

Hakuijenga. Alikufa na miti ikiwa bado inanenepa. Tulimzika kando ya nyumba ile ya zamani yenye mabati ya kutu. Jeneza lake nililipasua mimi, mbao za msaiprasi ambazo hazikuwa na fundo hata moja.

Baada ya hapo nilikuwa mkubwa. Sina haja ya kujificha. Pale Masimba kulikuwa na mti uliolalia duka, mafundi watatu wameukataa. Nilikuja nikapigilia kigingi kidogo barabarani, nikawaambia watu, "Huu mti utakipiga hiki kigingi kichwani." Wakacheka. Niliufunga kamba, nikaufungua mdomo, nikaweka kabari mbili, na ule mti ulikishindilia kigingi mpaka kikazama ardhini. Mwenye duka alinipa soda bure, na mwenye duka wa Masimba kutoa soda bure ni ajabu kuliko kigingi. Pale Suneka niliondoa mti uliokatika nusu na kukwama juu ya choo cha shule bila kuvunja tofali. Hilo la mti uliokwama msilifanyie mchezo, vijana. Mti uliosimama unaweza kuuacha mpaka kesho. Ulioanza kukatwa huwezi.

Nilinunua miti ikiwa imesimama, kama mnavyonunua nyinyi. Unafika kwa mtu, unaukumbatia mti kupima unene, unatazama juu, unasema mti huu una shimo ndani hata kama hauna. Hivyo ndivyo alivyonikuta Job.

Job alikuwa mtoto wa Mzee Onsongo kwa mke wa kwanza, ambaye alikuwa amekufa zamani. Alikuja kwangu Keumbu akiwa na nakala ya hati ya shamba la baba yake.

"Ile safu ya mikaratusi iko kwa shamba letu," akasema. "Mimi ndiye mkubwa. Nataka kuuza yote."

"Mama Bosibori anajua?"

"Momanyi, unanunua miti au unahesabu watu?"

Hapo ningesema, mzee alinikataza. Sikusema. Niliitazama ile hati ya Kiingereza kana kwamba naisoma. Nikajiambia, huyu ndiye mwenye jina, mimi ni mfanyabiashara tu. Nikamlipa elfu tisini, miti kumi na tisa, bei ya kutupa.

Kabla sijapeleka mashine, Mama Bosibori alikuwa amekwenda kortini Nyamira. Alitushtaki sisi wawili, Job kwa kuuza na mimi kwa kununua.

Nilitafuta wakili. Nilipata mwanamke mmoja mfupi, mwenye ofisi juu ya duka la viatu mjini Kisii, anayezungumza polepole kama anayemnywesha mtoto dawa. Akanieleza. Wakili wa mama anaomba korti itoe amri ya kutuzuia kukata mpaka kesi isikizwe. Tukibishana, tutashindwa, na amri itatoka. Njia nyingine ni mimi mwenyewe nitoe ahadi mbele ya mahakama kwamba miti haitaguswa.

"Hiyo ni rahisi," nikasema. "Kuahidi si kazi."

Akaweka kalamu chini. "Mzee Momanyi, nisikilize. Hii si ahadi ya kuambiana nitakutembelea Jumapili. Ukiitoa, ina nguvu sawa na amri ya hakimu. Ukiivunja, ni kudharau mahakama. Unaweza kutozwa faini. Unaweza kufungwa. Na usinitume mimi niiseme halafu uniaibishe."

Nilisikia vizuri. Msimwamini mtu atakayewaambia kwamba Momanyi hakuelezwa.

Siku yenyewe hakimu alitaka nisimame mwenyewe. Nilivaa koti. Nikasema kwa sauti ya kufika nyuma, kwamba mimi na watu wangu hatutakata mti hata mmoja wa safu ile mpaka kesi iishe. Wakaandika, nikatia sahihi. Wakili wa mama bado alitaka amri iandikwe juu yake, kwa usalama. Alikuwa amesimama tayari kusema. Ndipo Mama Bosibori akamvuta joho kutoka nyuma, akamwambia kwa Ekegusii, korti nzima ikisikia:

"Kaa chini, mwanangu. Huyo nimemlisha. Akisema, imetosha."

Yule wakili akakaa. Ombi la amri likaondolewa.

Nje kwenye varanda nilimfuata mama. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani, kile cha kanisani. Nikamwambia, "Asante kwa kuniamini, mama."

"Nimemwamini aliyekufundisha," akasema. Lakini alinishika mkono, akaushikilia mpaka akaona matatu ya kwao.

Kesi za shamba huenda kama konokono aliyepewa likizo. Tukapewa tarehe, tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Na katikati ya kungoja huko, kanisa letu likaamua kuezeka.

Sisi ni Wasabato, mnajua. Kanisa lilikuwa na kuta, na juu yake maturubai. Siku ya mchango watu walikuwa wakiahidi mabati kumi, misumari kilo tano, kuku. Mtu mmoja wa ukoo ambao sitautaja akaahidi mabati hamsini, watu wakapiga makofi, na akanitazama. Mimi si wa kupitwa. Nikasimama.

"Mbao zote za paa," nikasema. "Kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Andika Momanyi."

Kanisa lilisimama. Wanawake walipiga vigelegele. Mama Bosibori alikuwa benchi ya tatu upande wa kina mama, na yeye alisimama akapiga makofi kwa mikono yote miwili.

Nilikuwa na miti mingine ya kununua upande wa Nyamira, nikiitegemea. Mwenyewe akabadili mawazo. Nikaenda kwingine, bei ikawa imepanda. Pesa zangu zilikuwa zimefungwa kwenye lori nililokuwa nimenunua ili watu waone nina lori. Kila Sabato mzee wa kanisa alinishika kiwiko mlangoni. "Ndugu Momanyi, mafundi wako tayari. Mbao?" Wiki ijayo, nikawa nasema. Yule wa mabati hamsini alikuwa ameshayaleta, yamepangwa mahali pa kila mtu kuyaona. Sabato moja Mama Bosibori alinikuta nje, akaniambia kwa upole, "Nakuombea upate hizo mbao." Nikamwambia amina.

Job alikuja wiki hiyo. "Ile miti ulilipa. Kwa nini mali yako isimame tu?"

"Niliahidi korti."

"Uliahidi korti wewe. Korti iko wazi Jumapili?"

Hapa ndipo kosa letu lilipo, na nadhani ni sisi tu tungelifanya. Jumapili ofisi zote za serikali zimefungwa, wakili wa mama yuko kwake amelala, na sisi Wasabato tulishaabudu jana, Jumapili kwetu ni siku ya kazi. Nikaona ni kama Mungu ametuachia mlango. Nikajiambia pia kwamba ahadi mbili zikigombana, ile ya kanisani ni kubwa kuliko ile ya hakimu. Na nikajipangia ujanja wa tatu: mashine sitaigusa. Nitamtuma Makori.

Makori mnamjua, mtu mzima mwenye watoto wanne, fundi bora niliyewahi kumfundisha. Nikamwambia kesi imekwisha. Huo ulikuwa uongo, niuandike hapa.

Tulifika asubuhi na umande. Makori na wenzake wawili wakashuka na mashine. Mimi nilibaki barabarani, nimeegemea lori, mikono mfukoni. Siku hiyo hata buti sikuvaa, nilivaa viatu vya kanisani ili mtu yeyote akiniona aseme Momanyi hakuwa kazini.

Mti wa kwanza ulianguka vizuri. Wa pili, wa tatu. Makori alikuwa anailaza kwa mstari, mmoja kando ya mwingine, kama nilivyomfundisha, kama nilivyofundishwa. Nilijikuta nahesabu kwa kujivuna.

Mama Bosibori alitoka na leso mabegani. Nilingoja apige mayowe. Kwetu mama akipiga mayowe, kijiji kizima kinakuja na fimbo. Hakupiga. Alipanda njia polepole mpaka barabarani, akasimama mbele yangu.

"Momanyi, ni wewe?"

"Mimi sijakata, mama. Niko tu barabarani."

Akanitazama viatu. Akanitazama uso.

"Ndiyo," akasema. "Naona uko barabarani."

Akarudi alikotoka. Mashine iliendelea, mti wa tisa, wa kumi, wa kumi na mmoja. Halafu ikazimika. Makori akaja mbio, kofia mkononi.

"Mzee, huyo mama ameketi chini ya mti wa kumi na mbili. Ameegemea shina."

"Mwambie atoke."

"Nimemwambia. Ameniuliza kama kesi iliisha." Makori akavaa kofia yake. "Iliisha?"

Nikatazama viatu vyangu. Akaitia mashine kwenye gunia, akasema, "Mimi siendelei." Akateremka kwa miguu mpaka kituo cha magari, akaniachia lori na wale wawili.

Mbao za miti kumi na mmoja zilitosha paa la kanisa, zikabaki tatu. Liliezekwa kwa siku nne. Kazi safi. Sabato iliyofuata walitaja jina langu mbele, na nikasimama. Mvua ilianza wakati wa mahubiri, ile mvua yetu ya mchana, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeloa. Mama Bosibori alikuwa benchi ya tatu. Alitazama juu mara moja tu, kwenye mbao, halafu akafungua kitabu chake cha nyimbo. Baadaye nilimwona akienda nyumbani kwenye mabati yake ya kutu.

Mtu wa kuleta karatasi za korti alinikuta Keumbu nikipima mbao. Aliniuliza, "Wewe ndiye Momanyi wa kesi ya mikaratusi?" Nikamwambia ndiye mwenyewe, na kuna neno? Akanipa. Ziliniita nikaeleze kwa nini nisiadhibiwe kwa kudharau mahakama.

Wakili wangu alisoma, akavua miwani.

"Ni kweli?"

"Mimi sikugusa mashine."

"Sijakuuliza hivyo."

Alinishauri niende nikaombe msamaha kabla ya mambo mengine yote, nilipe miti, niseme nilikosa. Nilimwambia kuomba msamaha ni kwa watu wadogo. Tukaenda kubishana.

Hakimu alimwita Makori. Makori alisimama bila kunitazama.

"Nani alikutuma?"

"Mzee Momanyi."

"Nani alikulipa?"

"Sikuchukua malipo, mheshimiwa. Lakini angelipa yeye."

Nikapewa nafasi ya kusema. Nikasema sikukata mimi, nilikuwa barabarani. Nikaona hakimu ananitazama tu, nikaongeza lile nililoona ni kubwa: "Na zile mbao, mheshimiwa, sikula. Nimemjengea Mungu nyumba."

"Ungemjengea kwa mbao zako," hakimu akasema. Halafu akasema maneno ambayo ningependa kila mmoja wenu ayasikie, kwa hivyo nimeyashika jinsi nilivyoweza. Alisema siku ile alikuwa tayari kutoa amri. Haikutolewa kwa sababu mama alikubali neno langu badala yake. "Alikuwa na ukuta wa kujikinga," akasema, "akaubomoa mwenyewe, kwa sababu wewe ulisimama hapo ulipo ukamwambia utakuwa ukuta. Kumtuma mtu mwingine ni sawa na kukata kwa mkono wako."

Faini laki mbili, au siku sitini ndani. Juu ya hiyo, nimlipe mama thamani ya miti kumi na mmoja kama ilivyopimwa na afisa wa misitu, laki moja elfu hamsini na tisa na mia tano, na gharama za wakili wake, elfu themanini na sita mia tatu hamsini.

Nilikataa kulipa. Niliwaambia wanipeleke. Nilidhani kijiji kitakuja kunililia mlangoni. Nilikaa siku sita. Kitanda cha kule ni mbao za msaiprasi zilizopasuliwa na mtu asiyejua kunoa. Mgongo wangu ulihesabu kila kosa lake. Wa kunililia hakuja. Siku ya tano alikuja Makori, akaniletea sabuni na mkate. Nikamwuliza watu wanasema nini.

"Wazee wa kanisa walitaka kulivua paa," akasema. "Wamrudishie mama mbao zake. Mama amekataa. Amesema, limeshafika kwa Mungu, liacheni. Yeye atangoja."

"Atangoja nini?"

"Hakusema, mzee."

Usiku ule sikulala, na haikuwa kwa sababu ya kitanda. Asubuhi nilituma mke wangu auze lori na ile mashine kubwa. Nililipa. Nikarudi mbele ya hakimu nikaomba msamaha, kwa sauti ambayo haikufika hata benchi ya pili. Mama alikuwepo. Alisikiliza akitazama mikono yake.

Kesi yenyewe iliisha baadaye, na miti ikawa yake, ile minane iliyobaki. Job alikuwa ameshazila zile elfu tisini. Msinishauri nimdai.

Nilisikia mama anatafuta fundi wa kuiangusha na kujenga paa. Minane ile ilikuwa ya chini, karibu na nyumba na kaburi la mzee; ilitaka mtu anayejua. Nilimwomba Makori mashine yake, akanipa, akaja nami. Nilifika nikasimama uani, kofia mkononi.

"Mama, nimekuja kukata. Bila malipo."

Akaitazama mashine. "Kata," akasema.

Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshaanza kufa ganzi. Mashine hufanya hivyo, vaeni glavu. Lakini niliangusha ile minane na hakuna jani lililogusa kaburi. Tulipasua, tukajenga paa, tukagonga mabati mapya. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na nimefanya nyingi. Kule juu visiki kumi na mmoja vilikuwa vimechipua, kila kimoja na machipukizi ya kufika kiunoni. Mkaratusi hauna kinyongo.

Siku ile ya mwisho ilipofika saa ya chakula, nilinawa mikono kwenye bomba nikaelekea mlangoni, miguu yenyewe inaijua njia. Mama alikuwa anatoka na sinia. Aliiweka kwenye stuli pale nje, chini ya paa jipya, mahali pa mafundi. Ugali wa wimbi, chinsaga. Makori akakaa. Nami nikakaa.

Tulipomaliza kufunga vifaa vya kazi, alikuja na pesa zimekunjwa. Akampa Makori kwanza. Halafu akanishika mkono, ule ule wa siku ya korti, akaniwekea kiganjani.

"Hapana, mama," nikasema. "Nilisema bure."

"Chukua. Umefanya kazi vizuri."

"Mimi si wa kulipwa hapa. Wewe mwenyewe uliniambia."

"Nakumbuka nilivyokuambia," akasema bila hasira, akanifumba vidole. "Fundi hulipwa."

Hapo ndipo niliposhangaa. Nilitembea mpaka barabarani kabla ya kuzihesabu. Ilikuwa mia nane, malipo ya siku moja ya mtu yeyote. Wiki iliyofuata niliwaambia nyinyi nimestaafu, mkadhani ni vidole.

Mmeniuliza mara nyingi ile Jumapili ilinigharimu ngapi, na wengine mnasema milioni. Si milioni. Elfu tisini za Job, laki mbili za faini, miti, gharama za mama, na wakili wangu ambaye alinitoza laki moja na elfu ishirini na akanirudishia ushauri bure. Kutoka hapo nimeondoa zile mia nane, kwa sababu nilizipokea. Inabaki laki sita, elfu hamsini na tano, na shilingi hamsini.